Chemchemi ya Mama Patriki na Tochi ya Glory

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimeanza kuandika. Daftari ni la Sara, mwanangu wa mwisho, la Jiografia, nyuma kuna kurasa nyingi hajazigusa. Siandiki kwa sababu ya usomi. Mimi niliishia la nne. Naandika kwa sababu nina habari na hakuna wa kumwambia. Wote wako kwa Kornelia.

Habari yenyewe ni hii: ng'ombe wa katekista ameingia kwenye ngano ya mwalimu mkuu, na sasa wawili hao wamenuniana. Habari nzuri kabisa. Zamani ingejaza uwanja wangu mpaka jioni. Leo nimetoka nayo asubuhi kwenye ukungu, nyumba kwa nyumba, hodi, hodi, kimya. Hata Marieta hayupo, na Marieta ni rafiki yangu wa kuteka naye maji tangu tuko wasichana. Mwisho nimemwambia mume wangu Tluway. Amesema, "Ahaa." Mwanaume ukimpa habari ni kama kuitupa kwenye shimo la choo.

Sababu ya yote ni Glory, binti wa Kornelia. Amerudi likizo kutoka Ujerumani. Eti daktari, lakini si wa kuchoma sindano. Wa kusoma.

Na mimi nimekwenda, nisije nikaonekana nina wivu. Nimebeba kibuyu cha maziwa. Kilikuwa kimejaa, njiani nikaona si lazima kijae, nikanywa. Kornelia amekaa mlangoni na shuka jipya kama bibi harusi. Glory akanipigia shikamoo vizuri, kwa mikono miwili, ameinama. Nilitegemea atakuwa amesahau. Ingenisaidia sana.

Nikamwuliza anasoma nini huko. Akasema anasoma maji.

Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Mtu amepanda ndege mpaka Ulaya kusoma maji, wakati nyuma ya nyumba yangu kuna chemchemi inatoka mchana na usiku bila ada? Wenzangu hawakucheka. Marieta alinitazama kama nimekohoa kanisani.

Nikajua kuna hatari. Jumapili baada ya misa tunachagua mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Mwenyekiti ni mimi, tangu zamani. Sina ng'ombe wengi, sina mtoto Ulaya, Patriki wangu anaendesha bodaboda Endasak na hapigi simu. Kitu changu ni hicho kiti. Na wakati wa kutoka nimemsikia Marieta akimwambia mwenzake kwamba mama aliyelea mtoto kama yule angeweza kuongoza hata wilaya.

Wilaya. Kornelia. Ambaye ugali wake una madonge.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata mpango. Mpango wa uvumi, maana kila mtu na jembe lake.

Nimekwenda mashineni kusaga mahindi. Pale mashineni yupo Severine, ambaye hajawahi kufunga mdomo hata akitafuna. Nikamnong'oneza kwamba Glory hakuja likizo. Amefukuzwa. Wazungu walimpima wakaona hajui kitu. Nikamwomba asimwambie mtu, ili aharakishe.

Nimerudi nyumbani, nimepika, nimekaa kusubiri.

Saa tisa Marieta amepita mbio, hata hajakaa. Eti nimesikia? Wazungu walimpima Glory wakaona hakuna kitu asichokijua, hakuna wa kumfundisha zaidi, wakamwomba arudi kwao haraka, hata mkuu wao alilia uwanja wa ndege.

Nikamwuliza kasikia wapi. Mashineni.

Habari yangu mwenyewe! Imetoka hapa mbuzi, imerudi ng'ombe wa Kornelia. Severine nilimwamini kwa kipaji, kumbe kipaji kinazidi.

Na Marieta akaongeza kwamba Ijumaa Glory ataonyesha mashine yake pale sekondari. Wazazi wote wamealikwa, kila mwenye maji aje nayo kwenye chupa, yamulikwe.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kuiona hiyo mashine. Nilitegemea kitu cha kubebwa na trekta. Ni kidude kidogo, sawa na redio ya betri, kina tundu la tochi, na waya unakwenda kwenye kompyuta ya kufunika kama Biblia. Glory akasema ile kubwa ya kazini kwake haibebeki, inajaza chumba. Hii ni ndogo yake, ya kuonyesha wanafunzi.

Kazi hiyo ina jina, spektroskopia. Jina lina kona kuliko barabara ya Dongobesh.

Nikamwambia anieleze polepole, mimi ni mama yake. Akanieleza, na lazima niseme ameeleza vizuri, ndilo linaloniuma. Maji ukiyakata, ukayakata, ukayakata, unafika kwenye punje ambayo ukiikata tena si maji. Hiyo inaitwa molekuli. Ukiimulika na mwanga, inatikisika kwa namna yake, kama kila ng'ombe ana kengele yake. Huoni ng'ombe, lakini kengele inakuambia ni wa nani. Kompyuta inaichora ile kengele kama vilima.

Huko kwao wanachukua hizo punje chache tu, wanazipoza kwa baridi kali mno, wanazimulika. Nikamwuliza kwa nini wasije hapa kijijini kwetu Tlawi mwezi wa saba. Kornelia akacheka, Glory akacheka, mimi nilikuwa naongea kweli.

Halafu akasema jambo. Punje mbili zikikutana zinashikana mkono. Tatu zinakaa duara. Nne, duara. Tano, duara, zimelala chini flati, kama sisi akina mama kwenye kikao. Ikija ya sita, zinainuka. Haziwi duara tena, zinajenga kitu chenye juu na chini, kama kibanda. Sita ndipo maji yanaanza kuwa na umbo la maji. Akaonyesha kwa maharage na vijiti. Kornelia alikuwa anafuta machozi. Kwa maharage!

Nikamwuliza kama mashine itasema maji ya nani ni mazuri zaidi, yangu au ya kisima cha mama yake. Akasema hapana mama, hii haipimi uzuri, haioni vijidudu, kwayo maji ni maji. Akasema hivyo na uso mnyoofu. Nikajua anaficha.

Nimerudi nikiwaza. Eti kidude kinatambua kitu kwa kengele. Haiwezekani. Macho yangu mawili, niliyopewa na Mungu, hayawezi kutofautisha maji na piwa, yaani gongo ya huku kwetu, vikiwa kila kimoja kwenye chupa yake. Vyote vyeupe pe. Mpaka unuse. Na tochi haina pua.

Basi mpango umekuja wenyewe, nikiwa nakamua ng'ombe. Ijumaa nitampa Glory chupa ya piwa, niseme ni maji. Atamulika, atasema, "Haya ni maji, mama." Hapo nitafungua kifuniko, nitawanusisha watu mmoja mmoja. Mashine imekwisha. Usomi umekwisha. Jumapili Kornelia atabaki na madonge yake.

Alhamisi, 17 Julai

Shida ilikuwa moja. Piwa inapikwa na Margwe, kule bondeni kwenye migomba. Na mimi na Margwe tuna historia.

Sisi huku nyumba ikikosea, akina mama hatupigi kelele wala hatuendi polisi. Tunakwenda kukaa. Tunajaa uwanjani kwa mkosaji, tunakaa chini, tunaimba, hatuondoki mpaka atoe mnyama. Faini ya akina mama hairukwi, hata na mwanaume mwenye ndevu. Na ni mimi niliyepitisha kikundini kwamba nyumba yoyote itakayokutwa na piwa, tunakwenda kukaa. Wa kwanza alikuwa Margwe. Tulikaa mpaka akatoa mbuzi dume. Mimi niligawa nyama. Niligawa kwa haki, ila maini nilisahau kuyagawa.

Leo nimeshuka bondeni nimejifunika shuka mpaka puani. Margwe aliniona kutoka mbali akasimama.

"Shikamoo mwenyekiti," akasema. Na tuko rika moja. "Leo umekuja kukaa peke yako, au wenzako wako nyuma?"

Nikamwambia nina miguu. Inauma. Nimeambiwa kuna dawa ya kuchua.

Akaangalia miguu yangu iliyopanda na kushuka vilima vyote hivyo. Akasema pole. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya maji ya dukani imejaa. Nikamwuliza nimpe nini. Akasema hakuna, chukua, ni heshima yake kuichua serikali. Bure. Kitu cha bure kutoka kwa mtu uliyemla mbuzi wake, sikukipenda. Lakini nilikibeba.

Njiani nimekutana na Marieta. Akanusa. Akauliza nini hicho. Nikasema nimejikata, nimeosha kidonda. Akataka kuona kidonda. Nikasema kiko pabaya.

Ijumaa, 18 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Uwanja wa sekondari ulijaa. Wanafunzi, wazazi, walimu, hata katekista na mwalimu mkuu, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Margwe nilimwona nyuma kabisa, ameegemea mti, amevaa koti.

Glory akaweka kidude mezani. Akaonya watu wasitazame kwenye tundu, mwanga ule unaumiza macho. Akamulika maji ya kisima cha mama yake. Kwenye ukuta mweupe kikatokea kilima, kimoja kipana, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Akamulika maji ya mvua ya paa la kanisa. Kilima kilekile. Maji ya ziwani. Kilekile. Akasema mnaona, punje ni zilezile, zinashikana mikono vilevile, za tajiri na za maskini. Watu wakapiga makofi. Kornelia alikaa mstari wa mbele na shuka lake.

Nikasimama. Nikatembea polepole, nionekane. Nikamkabidhi Glory chupa. Nikageuka nikawaambia watu wote kwa sauti ya mwenyekiti: haya ni ya chemchemi yangu, nimeyateka kwa mkono wangu alfajiri, hakuna mwingine aliyeyagusa. Nikarudia mara ya pili, kwa wale wa nyuma.

Akamulika.

Ukutani haikuwa mgongo wa ng'ombe. Ilitoka milima. Mmoja mkali, umechongoka kama Hanang ukiuona kutoka Balangdalalu, na mingine pembeni yake.

Glory akaangalia ukuta, akaangalia chupa, akaniangalia mimi. Akasogea karibu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, labda chupa ilikuwa na kitu kingine zamani. Tuiache, nimulike nyingine."

Hapo mtu mwenye akili angekaa. Lakini mimi niliona mtoto amekwama. Nikaona jasho la usomi. Nikasema kwa nguvu, asinong'one, hapa hakuna siri, awaambie watu wote ni nini kilichomo kwenye chupa ya Mama Patriki.

Akaniuliza tena, kwa upole, kama nina uhakika.

Nikasema sana.

Akasema ni maji na kileo. Akasema ule mlima mkali ni kengele ya kileo, maji hayana. Mwalimu mmoja akauliza kama mashine inaweza kujua ukali wake. Akasema ndiyo, kwa urefu wa mlima ukilinganisha na ule wa maji. Akapiga hesabu. Akasema ni kali kweli.

Halafu Margwe kutoka kwenye mti, kwa adabu zote, akauliza kama mashine hiyo inatoa cheti, maana kuna watu wamekuwa wakisema yake inachanganywa na maji.

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Hata katekista na mwalimu mkuu walishikana mabega. Wamepatana kwa ajili yangu, na habari yangu ya Jumatatu imekufa.

Kornelia peke yake hakucheka. Hilo nalo nimeliandika, aje alijibu siku moja.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi nimeamshwa na ndoo. Nimefungua mlango, wanaume wako kwenye chemchemi yangu. Wana madumu, wana vikombe, mmoja ana sufuria. Wanaonja. Wamesikia nimetangaza mbele ya shule nzima kwamba imetoka pale. Nikawaambia ni maji tu. Wakasema mwenyekiti asiwe mchoyo, mashine imeonyesha. Tluway naye yupo katikati yao, mume wangu, ameinama anakunywa kama ndama. Alipoinuka akasema bado haijapanda, labda inakuja mchana. Maneno mengi hivyo sijawahi kuyapata kwake tangu Pasaka.

Wameondoka wamejaa maji, wanalaumu.

Halafu nimesikia nyimbo. Nyimbo ninazozijua, maana mimi ndiye ninayezianzisha. Akina mama wanapanda njia, mstari, mashuka yamefungwa shingoni. Nikajiuliza leo tunakwenda kukaa kwa nani, na kwa nini sijaambiwa. Wakaingia uwanjani kwangu. Wakakaa.

Nimesimama mlangoni nimeshika mwiko. Marieta yuko mbele, anatazama chini. Severine yuko pembeni, tayari anamsimulia mtu. Nikawaangalia vizuri. Wamekaa ovyo. Wengine juani, wengine kivulini, wazee nyuma, wasichana mbele, na wimbo wameuanzia juu sana, hawatamaliza hata ubeti.

Sikuweza kuvumilia. Nimewapanga upya. Wazee mbele. Wimbo nikaushusha. Na kwa kuwa siwezi kuimba nimesimama, nikakaa nao.

Tumekaa mpaka jua limeyeyusha ukungu wote. Nimetoa habari zote nilizolimbikiza wiki nzima. Uwanja umejaa watu mpaka kwenye zizi, wanacheka, wananiambia endelea Mama Patriki. Kornelia alikuwa pembeni yangu, akaona nimetoka bila shuka, akanifunika nusu ya lake. Ni shuka zito. Zuri. Nililivuta kidogo.

Tluway alipochoka na kelele akatoa mbuzi. Yule mwembamba, mwenye jicho moja. Akina mama wakaanza kunyanyuka, wakasema basi, inatosha. Mimi nikawaambia kaeni chini. Sheria ni sheria. Mbuzi wa faini lazima awe mnono, tulimkatalia Margwe jike lake konda, itakuwaje tumpokee huyu? Tluway akasema, "Lakini wewe ndiye mkosaji." Nikamwambia asiingilie mambo ya kikundi.

Akatoa yule dume mkubwa niliyemweka kwa ajili ya Krismasi.

Nyama amegawa Kornelia. Maini amenipa mimi, kwenye sahani, mbele ya watu. Nimeyala. Hii ni siku nzuri kuliko zote mwaka huu na sielewi kwa nini nimelia kidogo wakati wa kuosha sufuria. Moshi.

Jumapili, 20 Julai

Uchaguzi. Padri amehubiri kuhusu zile punje. Glory alimweleza jana, sasa padri anazisema kama ziko kwenye Injili. Kwamba punje moja peke yake haiwezi kumlowesha hata sisimizi. Kwamba ya sita haiji kuzipindua zile tano, inakuja kuziinua. Akasema tuwe kama maji. Watu walitikisa vichwa. Wengine walinitazama. Na mimi nilitikisa, nisionekane sijaelewa.

Kisha tukatoka nje, mikono ikahesabiwa. Ya Kornelia ilikuwa kama shamba la mtama. Ya Mama Patriki: mkono wangu, na mkono wa Marieta. Nikajua rafiki ni rafiki. Baadaye Marieta amenieleza alikuwa anajikuna.

Kornelia akashukuru. Halafu akasema kikundi kinahitaji mtu wa matangazo, wa kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu vikao na misiba na harusi, na kwamba hakuna anayejua milango ya Tlawi kama Mama Patriki. Wote wakapiga vigelegele.

Glory akaja kuniaga, anaondoka kesho na gari la asubuhi. Akanishika mikono, akaomba msamaha kwa Ijumaa, akasema angenyamaza kama ningemruhusu. Nikamwambia yameisha mwanangu. Akanipa yale maharage na vijiti, yale sita aliyoyaunganisha. Nikumbuke, amesema.

Jumatatu, 21 Julai

Maharage nimeyaweka juu ya kabati. Nimeyaangalia tangu asubuhi, na sasa nimeelewa. Nashangaa padri na shule yake yote hakuelewa.

Kosa langu halikuwa piwa. Kosa langu nilikuwa peke yangu. Punje moja. Nikipata sita, tunainuka, na kiti kinarudi.

Na kazi ya matangazo ni zawadi kutoka mbinguni. Nitapita kila nyumba na hakuna wa kuuliza nimefuata nini.

Nimeanza kuhesabu. Wa kwanza mimi. Wa pili Marieta, ingawa hajui. Wa tatu Severine, maana akiwa nje ni hatari zaidi. Wa nne Margwe. Si mwanamke, lakini Glory hakusema kama molekuli zina mume na mke. Nimemwuliza Tluway kama yuko upande wangu. Amesema, "Ahaa." Nimemhesabu wa tano.

Amebaki mmoja. Nimezunguka kijiji kizima kwa akili yangu, sioni mtu mwingine anayemchukia Kornelia.

Kesho nitakwenda kwa Kornelia mapema, ninywe chai, nimwulize mwenyewe kama anamjua mmoja.